Kuboresha Redio na Spika za Gari la Wazi Katika Hewa ya Chumvi ya Malindi

Mtu anayeendesha gari la wazi hapa Malindi, liwe Jeep Wrangler lililovuliwa milango, Suzuki ya zamani ya turubai au Land Rover iliyoondolewa paa kwa ajili ya kupeleka wageni Tsavo Mashariki, hugundua mapema kwamba redio iliyokuja na gari husikika vizuri gari likiwa limeegeshwa chini ya mwarobaini, na hupotea kabisa mara tu mwendo unapofika kilomita 60 kwa saa katika barabara ya Mambrui. Wengi hukimbilia dukani kununua amplifaya kubwa. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio tofauti wa matumizi: pesa za kwanza ziende kwenye spika zinazovumilia chumvi na kutoa sauti kubwa kwa umeme mdogo, za pili ziende kwenye nyaya na viungo vyake, na amplifaya ije mwisho, tena kwa kipimo. Wenzetu wa mji wa Lamu, ambako usafiri kwa sehemu kubwa umekuwa wa punda na mashua, wameponea gharama hizi zote.

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini sauti hupotea. Ndani ya gari lililofungwa, vioo, milango na paa hurudisha mawimbi ya sauti kwa msikilizaji, na besi hupata nguvu ya ziada kwa sababu hewa iliyofungiwa humo husukumwa yote kwa pamoja. Ukiondoa paa na milango, msaada huo huondoka, na kila umbali kati ya spika na sikio unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Juu ya hasara hiyo huja upepo, na kelele za upepo hukua upesi kuliko mwendo wenyewe: gari likitoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kelele hizo huweza kupanda kwa desibeli 15 au zaidi, na sehemu yake kubwa ni ngurumo nzito inayofunika besi kabla ya kufunika sauti ya mwimbaji. Kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu huleta desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua bila kushangaa. Hapo ndipo hesabu za wengi zinapokwama, kwa maana mtu hutoka wati 50 kwenda wati 100 na hasikii tofauti aliyoilipia, ilhali kuisogeza spika hadi nusu ya umbali wake wa awali kunampa desibeli 6 bila kuongeza wati hata moja.

Kuchunguza kilichopo

Kabla ya kununua chochote, ondoa waya hasi wa betri, fungua spika moja ya mbele na moja ya nyuma, kisha pima kipenyo cha tundu na hasa kina chake. Kina ndicho kinachowaponza wanunuzi, kwa sababu dashibodi za magari haya ni nyembamba na sumaku ya spika mpya mara nyingi ni nene kuliko ya zamani. Pima pia ukinzani, ambao kipimo chake ni omu, kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme: spika ya omu 4 huonyesha kidogo chini ya 4, kama 3.4 hivi, na ukisoma karibu na 2 ujue kiwanda kilitumia spika za omu 2, hivyo redio au amplifaya utakayoifunga lazima iwe inayoweza kuzibeba, la sivyo ubadilishe spika zote kwa pamoja. Katika Wrangler, kwa kuwa milango imetengenezwa ivuliwe, spika hukaa kwenye dashibodi na kwenye mtambaa wa juu uliofungwa katika nguzo za usalama, na kwa hakika mpangilio huo ni bora kuliko ule wa magari ya kawaida, kwa sababu spika za juu ziko karibu sana na masikio. Matoleo ya bei ya juu ya magari mengi huwa pia na amplifaya ya kiwandani iliyofichwa chini ya kiti au nyuma ya dashibodi. Ifuatilie kwanza, maana ukiunganisha redio mpya bila kuizingatia, utapata ukimya au mlio usiotarajiwa.

Kuhusu redio yenyewe, magari mengi yaliyotumika yaliyoingia nchini kutoka Japani yana redio zilizotengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa kati ya megahezi 76 na 90, ilhali vituo vyetu hurusha kati ya 87.5 na 108. Kuna kifaa kidogo cha kuhamisha masafa ambacho hufungwa kwenye waya wa antena na kuuzwa kwa bei nafuu, lakini hupunguza ubora wa mawimbi na hubadilisha namba zinazoonekana kwenye kioo, na kwa kuwa kaskazini ya mto Sabaki mawimbi yenyewe huwa hafifu, sioni sababu ya kukifunga ikiwa redio itabadilishwa hata hivyo. Chagua redio yenye Bluetooth, yenye matundu ya RCA, yaani yale ya kupelekea sauti kwenye amplifaya, yanayotoa angalau volti 4, na yenye kioo kinachosomeka juani. Uso wa redio unaoweza kung'olewa na kutiwa mfukoni si pambo katika gari lisilofungika. Iwapo gari lako ni jipya kiasi kwamba redio ndiyo inayoongoza kamera ya nyuma na mipangilio mingine ya gari, iache mahali pake, na utumie amplifaya inayopokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye nyaya za spika za kiwandani.

Spika, na kile ambacho chumvi hufanya

Fungua spika ya karatasi iliyokaa misimu michache katika gari linaloegeshwa upande wa Casuarina au karibu na gati, na uitazame kwa makini. Ukingo wa sponji umekuwa unga unaobaki kwenye kidole, karatasi ya koni imevimba na kukunjamana upande wa chini ambako unyevu hutuama, na ulimi wa shaba wa kuunganishia waya umeota ukoko wa kijani. Sasa chuna waya wenyewe. Gamba la plastiki ni zima na linang'aa, lakini nyuzi za ndani zimegeuka unga wa kijivu unaomwagika, na sehemu iliyobaki hukatika ukiikunja mara moja. Waya huo haukuwa wa shaba bali wa aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba na huliwa na chumvi kwa kasi kubwa zaidi.

Kwa hiyo tafuta spika zilizotengenezwa kwa boti. Ziwe na koni ya plastiki ya polipropilini, ukingo wa mpira, kikapu, yaani fremu inayoishika koni, kisichoshika kutu na skrubu za chuma cha pua, na ziwe zimeandikwa kiwango cha IP, kinachoonyesha uwezo wa kuzuia vumbi na maji. Katika IP65, tarakimu ya kwanza, yaani 6, inamaanisha vumbi haliingii, na ya pili, yaani 5, inamaanisha zinastahimili maji ya kurushwa kwa mpira. Ikiwa ya pili ni 7, zinavumilia kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30, jambo ambalo katika gari si la lazima. Hakikisha kiwango hicho kinahusu pia upande wa nyuma wa spika, si uso wake peke yake, kwa sababu vumbi jekundu la njia ya Marafa huingia kutoka nyuma ya dashibodi.

Kisha tazama namba mbili katika karatasi ya maelezo, nyingine zote zinaweza kusubiri. Ya kwanza ni desibeli zinazotolewa kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 92 hutoa kwa wati 1 sauti ambayo spika ya desibeli 86 huhitaji wati 4 kuitoa, na tofauti hii ndiyo bahati nasibu pekee ambayo mnunuzi anaweza kuishinda kwa kusoma tu. Ya pili ni nguvu ya mfululizo, inayoandikwa RMS. Ile namba kubwa iliyochapishwa kwa rangi juu ya sanduku ni ya nguvu ya kilele na haisaidii kupanga chochote. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 kwa kawaida hutoa kati ya wati 15 na 22 za mfululizo kwa kila spika. Ukiwa na spika zenye desibeli za juu na umezielekeza vizuri, huenda nguvu hiyo ya redio ikakutosha kwa safari za mjini na hadi Watamu, na ukaahirisha amplifaya kwa muda.

Zinapofungwa, zisiishie kutazama magoti. Spika za dashibodi zielekezwe juu kidogo, kuelekea masikio, na za nyuma zifungwe kwenye nguzo za usalama katika makopo yake maalumu, zikitazama mbele. Milango iache kabisa ikiwa una mazoea ya kuivua, hata kama ina matundu yaliyotengenezwa tayari. Kila spika ikalie ukanda wa sponji isiyonyonya maji, ili isipige kelele ya mtetemo na ili hewa ya nyuma yake isichanganyike na ya mbele, kwa sababu zikichanganyika besi hufutika hata kwa spika ya bei ghali. Kabla ya kukaza skrubu, hakikisha chanya na hasi hazijabadilishana: gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha za spika, chanya kwa chanya, na koni inapaswa kuruka kuelekea nje. Ikiwa moja inaruka nje na mwenzake inaingia ndani, muziki utasikika mwembamba na hutajua kwa nini.

Umeme

Hapa usikimbie. Amplifaya ya daraja D inafaa zaidi kwa gari la wazi, kwa kuwa ni ndogo, haitoi joto jingi, na hutumia vizuri umeme wa alteneta. Hesabu yake ni hii: kwa amplifaya ya wati 400 za mfululizo yenye ufanisi wa asilimia 80, itahitajika wati 500 kutoka kwenye gari, na ukigawanya kwa volti 13.8 unapata takriban ampia 36. Amplifaya ya daraja AB yenye nguvu ileile, ambayo ufanisi wake huzunguka asilimia 55, ingevuta zaidi ya ampia 50, na kinachozidi hugeuka joto chini ya kiti chako. Kwa ampia 36 na umbali wa mita 4 hivi, waya wa shaba wa milimita 10 za mraba unatosha, ukiwa na fyuzi ya ampia 40 iliyofungwa kwenye waya chanya ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Fyuzi hiyo hailindi amplifaya. Inalinda gari lisiwake moto pale waya utakapochunika na kugusa bodi, na ndiyo maana haina maana yoyote ikifungwa upande wa mbali.

Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, kama ule unaotumika kwenye boti, na dukani usikubali neno la mwuzaji peke yake. Chukua uzi mmoja, ukwaruze kwa wembe: ukiona rangi nyekundu ya shaba chini ya weupe wa bati, nunua, ukiona rangi ya shaba juu na weupe chini yake, rudisha. Pitisha waya kwenye ukuta wa injini kupitia mpira wa tundu, uufunike kwa bomba la plastiki lenye mikunjo, na uufunge kila baada ya sentimita 30 ili usicheze kwenye makorongo. Nyaya za RCA zipite upande mwingine wa gari. Zikilala pamoja na waya wa umeme, utasikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini.

Waya wa athi, ambao baadhi ya mafundi huuita waya wa bodi, ndio unaoleta matatizo mengi katika magari ya pwani, na ndio unaofungwa kwa haraka kuliko yote. Unene wake uwe sawa na wa waya chanya na urefu wake usizidi nusu mita ikiwezekana. Tafuta sehemu nene ya chasi au ya bodi, si bati jembamba la sakafu wala skrubu ya mkanda wa usalama. Paruza rangi kwa msasa hadi chuma cheupe kitokeze kwa upana wa sarafu ya shilingi 20, weka kichwa cha waya chenye tundu la duara kilichobanwa kwa koleo la kubania, weka washa yenye meno, kaza bolti ya chuma cha pua, kisha baada ya kukaza, na si kabla, paka grisi na juu yake rangi. Chuma ulichokiacha wazi kitashika kutu kabla ya kusi kumalizika, na kutu hiyo itajitokeza kama redio inayozima kila unapoongeza sauti. Pima kwa multimita kati ya bolti hiyo na ncha hasi ya betri huku muziki ukicheza kwa sauti kubwa: tofauti ikizidi kama volti 0.2, rudia kazi.

Viungo vingine vyote vibanwe kwa koleo maalumu na kufunikwa kwa mrija unaokaza kwa joto, ule wenye gundi ndani, kwa kuwa gundi hiyo ndiyo inayozuia unyevu. Tepu nyeusi ya umeme haifai. Jua la saa sita mchana huyeyusha gundi yake na baada ya muda waya hubaki uchi. Kabla waya haujaingia kwenye amplifaya, uache ushuke chini kidogo na kupanda tena, ili maji yanayotiririka juu yake yadondokee kwenye kipinde na yasiingie ndani.

Amplifaya isilale sakafuni hata siku moja. Sakafu ya gari la wazi hupokea mchanga, maji ya mvua na chochote kilichomwagwa na abiria, na ndiyo sababu watengenezaji huweka matundu ya kutolea maji humo. Ifunge chini ya kiti kwa vibao vinavyoiinua sentimita chache, ikiwa imesimama wima ikiwezekana, au nyuma ya kisanduku cha dashibodi ikiwa nafasi inaruhusu hewa kupita.

Besi

Hapa lazima nitoe maoni yatakayowaudhi vijana. Katika gari lisilo na paa, besi ya chini kabisa, ile ya chini ya hezi 50, haitafutwi. Nishati inayohitajika kuishinda ngurumo ya upepo ni kubwa mno, na sanduku lake litakula nafasi ya mizigo yote. Sabufa moja, yaani spika ya besi pekee, ya inchi 8 au 10, katika sanduku dogo lililozibwa, ikikaa kwenye kona ya nyuma karibu na ukuta wa bodi, hutoa ile besi ya kati inayofanya ngoma za taarabu na gitaa la besi visikike kuwa vinatoka mahali fulani. Sanduku lisitengenezwe kwa MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ambao hunyonya unyevu na kuvimba kama mkate uliotiwa chai. Malindi haikosi mafundi wa boti wanaofanya kazi ya faibaglasi, na fundi wa aina hiyo, ukimpa ujazo unaopendekezwa na mtengenezaji wa sabufa pamoja na umbo la kona ya gari lako, atakujengea sanduku litakalodumu kuliko la dukani. Liwe na kufuli au bolti zinazofunguliwa kutoka ndani pekee.

Kurekebisha sauti

Kazi ya kuunganisha ikikamilika, rudisha waya wa betri, weka marekebisho yote ya redio katikati, na zima vikuza besi vyote. Kwenye amplifaya, weka kichujio cha spika ndogo kikate kila kilicho chini ya hezi 100, na cha sabufa kikate kila kilicho juu ya hezi 90 hivi. Hatua hii peke yake huongeza sauti inayopatikana bila kupasuka, kwa sababu spika ndogo zinaacha kuhangaika na besi zisizoziweza.

Kidhibiti cha geini si kitufe cha kuongeza sauti, ingawa wengi hukizungusha hadi mwisho. Kazi yake ni kulinganisha redio na amplifaya. Njia ya uhakika ni kutumia multimita: tenganisha spika, cheza mlio wa hezi 1,000 huku redio ikiwa katika robo tatu ya sauti yake, upime volti za mkondo geu (AC) kwenye matundu ya spika, na upandishe geini taratibu hadi ufikie kipeuo cha pili cha wati zidisha omu. Kwa wati 50 na omu 4, kipeuo cha pili cha 200 ni takriban volti 14. Simama hapo. Kwa sabufa fanya vivyo hivyo kwa mlio wa hezi 50. Usipokuwa na multimita, pandisha geini hadi sauti ianze kukwaruza, kisha uirudishe nyuma kidogo.

Marekebisho ya mwisho yafanyike barabarani, mwenzako akiwa usukani na wewe ukiwa kwenye redio, kwa sababu kinachosikika vizuri gari likiwa limesimama huwa kizito mno kwenye mwendo. Kwa kawaida utaongeza kidogo masafa ya kati, kati ya hezi 1,000 na 4,000, ambako maneno ya mwimbaji hukaa, na kuacha besi kama ilivyo. Ikiwa redio yako inaweza kuhifadhi mipangilio miwili, hifadhi mmoja wa turubai likiwa limefungwa na mwingine wa gari likiwa wazi. Kwenye mwendo mkubwa, usifukuzane na upepo hadi mwisho, maana sauti inayozidi desibeli 85 kwa saa nyingi hudhuru masikio, na ukifika mjini ukasimama kwenye foleni ya tuktuk punguza sauti mara moja. Kanuni za mwaka 2009 za udhibiti wa kelele zinaipiga marufuku kelele ya kukera, na ndani ya Tsavo muziki uzimwe kabisa.

Matunzo ni mepesi yakifanyika kwa wakati. Baada ya siku ya ufukweni, futa spika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, na usizielekezee mashine ya presha ya kuoshea magari, ambayo hupenya hata mpira wa spika za boti. Mara moja kabla ya mvua za masika na mara moja baada yake, fungua kifuniko cha fyuzi, kaza bolti ya athi, na kagua kila kiungo kwa kukivuta kwa vidole. Kikiwa na kijani au kikicheza, kikate na ukibane upya, kwa maana kukisugua tu hakutakipeleka mbali zaidi ya mwezi.